Wataka Tukusaidie Namna Gani?



Hesabu kwa vidole vyako watu wazima wa kijiji chako, au wa kartiye yako, ambao hawawezi kuishi vema pasipo mkono wa wenzao. Yuko baba aliyepofuka. Yuko mama ambaye mguu wake ulikauka kwa polio tangu utoto. Yuko kijana mwenye kifafa, ambaye watu wanaogopa kumwacha karibu na moto. Yuko mzee aliyeponywa ukoma, lakini vidole vyake vimekunjika na nyayo zake hazisikii kitu. Yuko mjane wa miaka mingi ambaye watoto wake wamekwenda mbali kutafuta kazi. Labda wewe mwenyewe, unayesoma kitabu hiki ukikaa kwenye benchi la dispensari, ni mmoja wao.

Sasa jibu swali hili kwa kweli: Ni nani aliyekwenda kuwauliza watu hawa wanataka wasaidiwe namna gani?

Kanisani tunakusanya sadaka kwa ajili yao. Hospitali inawapa dawa. Serikali na mashirika huleta vitu siku nyingine. Yote haya ni mema, wala hatusemi yaachwe. Lakini mara nyingi wale wanaosaidia hukaa mezani peke yao, hupanga peke yao, hununua peke yao, kisha humwita mwenye shida aje kupokea na kusema asante. Yeye haulizwi neno. Ndiyo maana msaada mwingi unapotea, na mwingine hata unaumiza. Wazee walisema: Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Basi, somo letu ni hili. Kabla ya kumsaidia mtu mzima, umwulize. Ukiisha kumwuliza, umsikilize. Ukiisha kumsikiliza, fanya kazi pamoja naye. Kisha urudi kumwuliza tena.

MTU MZIMA SI MTOTO

Mtoto mchanga hawezi kusema, kwa hiyo mama yake humchagulia chakula, nguo na saa ya kulala. Lakini mtu aliyepoteza macho yake hakupoteza akili zake. Mama asiyeweza kutembea amezaa watoto, amewalea, naye anajua bei ya mihogo sokoni kuliko shemasi anayempelekea unga. Kama tukimfanyia kila jambo pasipo kumwuliza, tunamrudisha utotoni, naye anaona haya mbele ya watoto wake mwenyewe.

Tazama namna tunavyosema. Mgonjwa anakuja hospitalini pamoja na ndugu yake. Mwuguzi anamwuliza yule ndugu, "Analala vizuri? Anakula?" Mgonjwa anakaa pale kama mzigo, na masikio yake yanasikia yote. Hii haifai. Mwambie yeye mwenyewe, "Baba, unalala namna gani?" Akiwa kiziwi, umtazame usoni, na mtu anayejua ishara zake akusaidie, lakini macho yako yawe kwake, si kwa mwingine.

Tena angalia jina unalomwita. Mtu aliyeugua ukoma asiitwe "mkoma", wala kipofu asiitwe "lile jicho". Yeye ni baba wa fulani au mama wa fulani, kama alivyoitwa kabla ya ugonjwa. Mwaka 2010 Umoja wa Mataifa ulipokea maongozi ya kukomesha ubaguzi wa watu walioguswa na ukoma, nayo yanataka majina ya dharau yaondolewe. Lakini wewe usingoje barua kutoka mbali. Anza leo nyumbani kwako, watoto wako wakisikia.

VIATU CHINI YA KITANDA

Tuchukue ukoma uwe mfano wetu, kwa maana hospitali za misioni zimeujua siku nyingi. Kule Oicha, upande wa Beni, Mganga Carl Becker na wenzake waliwatunza wagonjwa wa ukoma kwa maelfu katikati ya karne iliyopita. Huko Yakusu, karibu na Kisangani, Mganga Stanley Browne alifanya kazi kuanzia miaka ya 1930 hata miaka ya 1950, naye alijulikana pote kwa kazi yake juu ya ukoma. Siku zile wagonjwa wengi waliacha nyumba zao wakakaa mahali palipotengwa kwa ajili yao.

Sasa sivyo. Kijidudu cha ukoma, ambacho Mganga Hansen wa Norwei alikiona mwaka 1873, kinauawa kwa dawa. Tangu 1981 Shirika la Afya la Dunia, yaani OMS, limeshauri dawa zaidi ya moja zitumiwe pamoja. Zinamezwa kwa miezi 6 au 12, nazo hutolewa bila malipo. Mgonjwa anameza dawa akikaa nyumbani kwake, na upesi baada ya kuanza haambukizi tena wenzake. Kwa hiyo zamani kazi ya kumtunza ilikuwa ya kijiji cha misioni. Leo ni ya jamaa yake, jirani zake na kanisa lake.

Lakini mtu akikawia kuja, dawa inaua kijidudu, hairudishi mishipa ya fahamu iliyokwisha kuharibika. Mtu amepona, lakini mguu wake hausikii. Anakanyaga mwiba asijue. Anashika sufuria ya moto asijue. Kidonda kinaingia ndani, kinafika kwenye mfupa, na mwisho mguu unaweza kukatwa. Mtu huyu anahitaji viatu kila siku, kama vile wewe unavyohitaji chakula.

Basi, tufikiri juu ya kanisa moja lenye moyo mwema. Wanakusanya franka, wananunua viatu vizito vyeusi vya namna ya pekee, wanampelekea baba mmoja mwenye ganzi miguuni. Anapokea kwa mikono miwili. Baada ya miezi miwili anarudi dispensari na kidonda kikubwa. Viatu viko wapi? Viko chini ya kitanda. Watu wanasema, "Mtu huyu ni mvivu, tena hana shukrani."

Lakini kama mtu angekaa chini karibu naye na kumwuliza kwa upole, angesikia maneno ya namna hii: "Katika kijiji chote hakuna anayevaa viatu hivi ila mimi. Binti yangu amefikia kuolewa. Wageni wakiviona mlangoni, watajua kwamba ukoma umeingia nyumba hii, nao hawatarudi."

Huyu si mvivu. Amepima mambo mawili, mguu wake na ndoa ya binti yake, akachagua kama baba anavyochagua. Jambo hili la viatu vinavyofichwa kwa sababu ya haya limeonekana katika nchi nyingi za Afrika na Asia. Kwa hiyo waganga wa ukoma wamejifunza kutafuta viatu vinavyofanana na vya watu wote. Fundi wa viatu sokoni aweza kuvitengeneza, kama akionyeshwa:

Soli iwe ngumu, mwiba usipite. Juu yake liwekwe tabaka la mpira laini, unyayo ukae juu ya laini. Uwepo mkanda wa nyuma unaoshika kisigino, mguu usiteleze. Kamba isipite kati ya vidole. Wala usiwepo msumari hata mmoja, bali gundi na uzi, kwa sababu msumari ukitokeza, mwenye ganzi hatausikia. Na rangi na umbo, achague mwenye mguu.

Unaona, ndugu? Fedha za kanisa zilikuwepo. Upendo ulikuwepo. Kilichokosekana ni swali moja, na kwa sababu ya swali moja mtu angeweza kupoteza mguu.

MITUME WALIFANYA NINI?

Wengine watasema, "Mambo haya ya kuwauliza wanaosaidiwa ni mageni, yametoka kwa wazungu wa mashirika." Fungua Matendo ya Mitume, sura ya 6. Kanisa la Yerusalemu lilikuwa na huduma ya chakula kwa wajane kila siku. Waamini waliosema Kiyunani wakanung'unika kwamba wajane wao wanasahauliwa. Je, mitume waliwaambia wanyamaze na kushukuru kwa kidogo walichopata? Hapana. Waliita mkutano wote, wakauweka neno wazi mbele yao, wakawaambia wachague wenyewe watu saba wa kusimamia kazi ile. Soma majina ya wale saba, utaona yote ni majina ya Kiyunani. Yaonekana mkutano uliwachagua watu walioijua lugha ya wajane waliokuwa wakisahauliwa.

Angalia mambo matatu hapa. Nung'uniko lilisikiwa. Watu wenyewe walichagua. Na kazi ilipewa watu walio karibu na wenye shida.

Tena katika Marko sura ya 10, kipofu Bartimayo alipoletwa mbele ya Yesu, kila mtu aliona kwamba hana macho. Hata hivyo Bwana hakuanza kwa kutenda. Alimwuliza kwanza anataka afanyiwe nini. Ikiwa Yeye aliuliza, sisi ni nani hata tuone kwamba tunajua tayari?

DAWA YA UPOFU WA MTO

Tazama sasa jambo lililotokea katika siku zetu. Kando ya mito mingi ya Kongo, mahali maji yanapokwenda mbio, kuna inzi mdogo mweusi anayeuma watu na kuwaletea onkoserkoze, ugonjwa wa kuwasha ngozi na kupofusha macho. Mwaka 1987 kampuni ya Merck ilitangaza kwamba itatoa bure dawa ya ugonjwa huu, iitwayo Mectizan, kwa muda wote itakapohitajika. Dawa ilipatikana. Shida ilikuwa kuifikisha kwa kila mtu, kila mwaka, kwa miaka mingi, hata kule gari lisikofika.

Wauguzi wakija kwa siku waliyoichagua wao, watu wako shambani au mtoni wakivua. Mwaka 1995 ulianza mpango mkubwa wa kupigana na ugonjwa huu katika Afrika, na nchi yetu ilikuwa ndani yake. Uchunguzi katika nchi kadhaa ulionyesha kwamba vijiji vilivyoachiwa kupanga ugawaji wenyewe vilifanya vema kuliko vile vilivyopangiwa na wengine. Basi, wanakijiji wakaulizwa: Nani agawe dawa? Mwezi gani unafaa? Nyumba kwa nyumba, au wote wakutane mahali pamoja? Walichagua wenyewe. Wagawaji wao wakafundishwa kupima urefu wa mtu kwa mti uliotiwa alama, ili wajue apewe vidonge vingapi. Mpango ule ulipofika mwisho wake mwaka 2015, watu zaidi ya milioni 100 walikuwa wakipata dawa kila mwaka kwa njia hii.

Vivyo hivyo Etiopia. Kuanzia mwaka 1995, hospitali ya ALERT ya Addis Ababa ilianza kusaidia watu walioguswa na ukoma waunde vikundi vyao wenyewe katika vijiji. Walikutana, wakakaguana miguu, wakakumbushana kazi ya kila siku: kuloweka miguu na mikono katika beseni la maji baridi kwa muda wa nusu saa, kusugua ngozi ngumu taratibu kwa jiwe linalokwaruza, kupaka mafuta ngozi ikiwa ingali na maji, ili isipasuke, kutazama nyayo zote kama kuna kidonda, na kupumzisha mguu wenye kidonda. Hakuna dawa ya bei kubwa katika kazi hii. Mafuta yetu ya mawese yanaweza kutumika. Lakini mtu hufanya kazi ya kila siku kwa moyo akiwa ameikubali mwenyewe, wala si kwa kuamriwa na mwuguzi anayemwona mara moja kwa mwezi.

NAMNA YA KUULIZA

Sasa utasema, "Nimekubali. Nianze wapi?" Fuata mambo haya manane. Yanafaa kwa mashemasi, chama cha wamama, wajumbe wa afya tunaowaita reko, na mtu yeyote mwenye kumtunza ndugu nyumbani.

1. Nenda kwake. Usimwite aje kwako. Ukienda, utaona njia anayopita, choo anachotumia, jiko analopikia. Kaa chini, macho yako yawe sawasawa na yake. Omba ruhusa kwanza. Akisema "Si leo", urudi siku nyingine.

2. Uliza maswali yaliyo wazi. Ukimwambia, "Mama, unataka blanketi?" atajibu ndiyo kwa heshima, hata kama anazo tatu. Afadhali umwambie, "Nisimulie siku yako, tangu kuamka hata kulala." Kisha: "Ni kazi gani inayokushinda? Ni kazi gani unayofanya mwenyewe, wala hutaki mtu akunyang'anye? Katika msaada unaopata sasa, ni upi unaokufaa, na upi haukufai?"

3. Uliza kila namna ya watu peke yao. Katika mkutano mkubwa wazee wanaume husema, na wamama hunyamaza. Mama hawezi kusema mbele ya shemeji yake habari ya kuoga au ya damu ya mwezi. Kwa hiyo wamama waulizwe na mama. Mwenye shida ya akili aulizwe siku aliyotulia. Asiyeweza kutoka nyumbani aulizwe nyumbani.

4. Anayeuliza asiwe yule anayegawa. Mtu anaogopa kumwambia mwenye gunia la unga kwamba unga una wadudu. Anafikiri, "Nikisema, mara ya pili nitarukwa." Tuma mtu mwingine anayeaminiwa, wala usiandike jina la aliyelalamika.

5. Tunza siri. Uliyosikia ndani ya nyumba usiyapeleke kisimani. Akikuambia habari za ugonjwa wake, usizitaje mkutanoni hata kwa kuziombea, isipokuwa yeye mwenyewe amekubali.

6. Wachague wenyewe lililo la kwanza. Mahitaji ni mengi, fedha ni chache. Waweke pamoja. Chora kila hitaji juu ya karatasi au chini mchangani: choo, njia, jembe, viatu, dawa. Kila mtu apewe punje tano za maharage aziweke juu ya yale anayoyaona makubwa. Kipofu atatajiwa kila mchoro, naye aweke kwa kupapasa. Kisha hesabuni punje mbele ya wote. Hata asiyejua kusoma ataona mahali punje zilipo nyingi.

7. Sema kweli juu ya yanayowezekana. Fungua hesabu ya sanduku. Waambie, "Tuna franka hizi tu. Jambo hili tutaliweza, hili hatuliwezi mwaka huu." Mtu mzima anaweza kuvumilia kukataliwa kwa kweli kuliko kudanganywa kwa ahadi.

8. Rudi na jibu. Hapa ndipo wengi huanguka. Wanauliza, wanaandika daftari mbili, kisha hawaonekani tena. Kuuliza pasipo kurudi ni kama kumwita mtu mezani na kufunga mlango. Weka siku ya kurudi. Hata kama hakuna lililofanyika, uende ukaseme kwa nini. Na baada ya miezi mitatu uliza tena, kwa maana mahitaji ya mtu yanabadilika.

MAJIBU MTAKAYOYASIKIA

Mkianza kuuliza mtasikia mambo msiyoyafikiri. Tena mara nyingi hayana gharama kubwa.

Kipofu anaweza kuomba kamba tu, ifungwe kutoka mlango wa nyumba mpaka choo, ili usiku asimwamshe mtoto amwongoze. Mama mwenye miguu isiyo na nguvu anaweza kuomba kiti chenye tundu kiwekwe juu ya shimo la choo, apate kukaa safi badala ya kutambaa mahali watu walipokanyaga. Mwenye vidole vya ganzi anaweza kuomba jembe lenye mpini uliozungushiwa kitambaa kinene, na vipini vya mti kwa sufuria zake. Mwenye kifafa anaweza kuomba jiko lililoinuliwa na kuzungushiwa udongo, asianguke motoni, na mtu wa kumchukulia vidonge vyake kituoni kila mwezi, kwa maana akivikosa siku chache ugonjwa unaweza kurudi kwa nguvu.

Wengine hawataomba kitu cha mkononi. Watasema, "Sitaki tena kukaa kwenye benchi la mlangoni." Au, "Nataka niingizwe katika likelemba ya wamama. Siku yangu ya kutoa nitatoa." Au, "Nataka nami niwe wa kutembelea wagonjwa." Majibu haya yatakaswe na kuheshimiwa sawa na ombi la unga. Mtu anayepokea tu kila siku huchoka moyoni. Mpakani mwa Goma na Gisenyi, kwa miaka mingi, watu wenye miguu isiyo na nguvu walijulikana kwa kuvusha mizigo ya wachuuzi juu ya baiskeli za magurudumu matatu zinazoendeshwa kwa mikono. Walilisha jamaa zao kwa kazi ile. Kama mtu angewaletea unga tu pasipo kuwauliza, asingejua kwamba walichotaka ni gurudumu na njia.

MAJIBU YAKIWA MAGUMU

Wako watakaosema, "Nipe pesa tu." Usikasirike. Uliza, "Pesa hizo zingefanya nini?" Pengine utasikia habari ya deni la hospitali, au ya mtoto aliyefukuzwa shule. Sasa umejua hitaji lenyewe.

Wako watakaonyamaza. Wamezoea kwamba neno lao halihesabiwi. Usiwalazimishe. Rudi mara ya pili na ya tatu, uwe na subira.

Wako watakaotaka jambo lenye hatari. Mzee anakataa kwenda hospitalini ingawa kidonda chake kinanuka na homa imempanda. Kuuliza si kumwacha afe. Mweleze wazi kitakachotokea, kwa maneno anayoyajua. Uliza anaogopa nini. Labda anaogopa kukatwa mguu. Labda ni mbuzi zake tu, hana wa kuwachunga. Ukimpatia mchungaji wa mbuzi, huenda atapanda machela siku hiyohiyo.

Na wako watakaotofautiana. Jamaa inataka hivi, mwenyewe anataka vile. Sikiliza wote wawili, kwa maana binti anayembeba mama yake kila siku naye anachoka, naye anafaa kuulizwa. Lakini mambo ya mwili wa mtu mzima mwenye akili zake, neno lake ndilo la kwanza.

JAMBO HILI NI HAKI PIA

Usifikiri kwamba kuulizwa ni zawadi tunayowapa wanyonge. Mwaka 1978, katika mkutano wa Alma-Ata, mataifa ya dunia yalikubali kwamba watu wana haki, tena wana wajibu, wa kushiriki katika kupanga na kutenda kazi ya afya yao. Mwaka 2006 Umoja wa Mataifa ulikubali mapatano juu ya haki za watu wenye ulemavu, ambayo yanaagiza serikali ziwaulize watu hao wenyewe katika mambo yanayowahusu. Kongo iliingia katika mapatano hayo mwaka 2015, na mwezi wa Mei 2022 ikaweka sheria yake ya kulinda haki za watu wenye ulemavu.

Sheria iko. Lakini sheria haitembei kwa miguu mpaka kijijini kwako. Wewe ndiwe wa kuipeleka. Kwa mpango wa nchi yetu, kila eneo la afya hupaswa kuwa na kamati ya watu, tunayoiita Kodesa, inayokaa pamoja na mwuguzi mkuu wa kituo. Je, katika Kodesa yenu yumo kipofu? Yumo mama anayetembea kwa magongo? Yumo mtu aliyepona ukoma? Kama hayumo, mseme siku ya kuchagua. Wala asiwekwe mmoja tu akae kimya kama picha ukutani. Wakiwa wawili au watatu, watatiana moyo kusema.

Nawe mgonjwa, nawe mwenye kusaidiwa, neno hili ni lako pia. Usiseme "Asante, ni sawa" wakati si sawa. Ukiona dawa inakuumiza tumbo, useme. Ukiona fimbo uliyopewa ni fupi, useme. Kusema kweli si kukosa shukrani. Unawasaidia wale wanaokusaidia, na pia mwenzako atakayekuja nyuma yako, ambaye labda hana ujasiri kama wako.

Basi, juma hili, kabla ya kukusanya nguo wala unga, mchague mtu mmoja katika wale uliowahesabu kwa vidole. Mwende wawili, mkae kwake, mwulize, mnyamaze, msikilize mpaka mwisho. Kisha fanyeni pamoja naye jambo moja dogo alilolitaja, hata kama ni kamba ya kufika chooni.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA MKUTANO

1. Katika kanisa letu, nani wanapanga msaada kwa wazee, wajane na wenye ulemavu? Wenye kusaidiwa wana nafasi gani katika kupanga?

2. Kuna kitu tulichotoa ambacho hakitumiki? Tumemwuliza mwenyewe sababu yake?

3. Tutawaulizaje wale wasioweza kufika mkutanoni?

4. Nani atarudi kuwapa jibu, na siku gani? Andikeni jina lake na tarehe kabla ya kufunga mkutano kwa sala.